Nani Ataingia Cooperstown? Kuelewa Ubishi wa Jumba la Magwiji wa Besiboli

Ndugu yangu anapanga mizigo kwenye ghala moja huko Columbus, Ohio. Siku ya pili baada ya matokeo ya kura ya Jumba la Magwiji ya Januari 2026 kutangazwa, alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake zikisikika kelele za watu walio kwenye mapumziko ya chakula. "Kaka, hawa wenzangu wanabishana tangu asubuhi. Mmoja anasema Trout lazima aingie, mwenzake anasema haingii ng'o, hajachukua kombe hata moja. Nikawauliza, Trout si bado anacheza? Sasa anaingia wapi? Wakanicheka."

Hawakupaswa kumcheka. Swali lake ndilo la kwanza kujibiwa, na wengi waliokulia kwenye mchezo huo huliruka. Ubishi kuhusu nani kati ya wachezaji wa leo anastahili Jumba la Magwiji hauishi kwa sababu wabishani huchanganya mambo matatu: kanuni za kuingia, namna ya kupima ubora wa mchezaji, na suala la usafi wake. Ukiyatenganisha, ubishi hauishi, lakini angalau unajua mnabishania nini.

Jumba lenyewe na mlango wake

Jumba la Magwiji wa Besiboli liko Cooperstown, mji mdogo katika jimbo la New York. Lilifunguliwa mwaka 1939. Ni makumbusho, na ndani yake kuna ukumbi ambao kila gwiji amewekewa bamba la shaba lenye sura yake na mistari michache ya aliyoyafanya. Watu wengi hudhani ni mali ya ligi kuu ya Marekani. Si kweli. Ni taasisi inayojitegemea, na ligi haipigi kura.

Wanaopiga kura ni waandishi wa habari za besiboli, wale ambao wamekuwa wanachama wa chama chao kwa miaka 10 mfululizo. Kila mwaka wanapata karatasi yenye majina, na kila mmoja anaruhusiwa kuweka alama kwa wasiozidi 10. Jina likipata asilimia 75, mlango umefunguka. Likikosa asilimia 5, linatolewa kabisa. Aliye katikati anarudi mwaka unaofuata, mpaka miaka 10 iishe.

Ili jina lako lifike kwenye karatasi hiyo, lazima uwe umecheza misimu 10 katika ligi kuu na uwe umestaafu kwa miaka mitano. Kwa hiyo ndugu yangu alikuwa sahihi: Mike Trout haingii popote kwa sasa. Wale wa ghalani wanapiga ramli ya kura ambayo karatasi yake haijachapishwa.

Kuna pia mlango wa pembeni. Kamati ya watu 16 huwapitia waliokosa kwa waandishi, na hapo zinahitajika kura 12. Jeff Kent aliingia kwa njia hiyo Desemba 2025.

Sasa angalia kilichotokea Januari. Waandishi waliwachagua Carlos Beltrán kwa asilimia 84.2 na Andruw Jones kwa asilimia 78.4. Huyu Jones alipopigiwa kura mara ya kwanza mwaka 2018 alipata asilimia 7.3, akiponea chupuchupu kufutwa. Tangu 2018 hadi 2026 hakushika gongo hata siku moja, hakudaka mpira hata mmoja. Yeye ni yuleyule. Kilichobadilika ni macho ya wapiga kura, ambao taratibu walianza kuupa uzito ulinzi wake wa uwanja wa nyuma, uliomletea tuzo 10 za Gold Glove, zile za mlinzi bora. Ukielewa habari ya Jones, umeelewa kwamba neno "anastahili" linategemea pia nani anatazama, na anatazama kwa kipimo gani.

Kipimo cha deiwaka

Maneno machache kabla ya kuendelea. Mrushaji ni yule anayesimama juu ya kichuguu kidogo katikati ya uwanja na kurusha mpira. Mpigaji anamsubiri na gongo. Besi ni vituo vinne vya uwanjani: mpigaji akiupiga mpira na kufika kituo salama, hiyo ni mpigo, na akivizunguka vyote timu yake inapata pointi. Mpigaji akiutandika mpira ukavuka uzio, hiyo ni homurani. Mrushaji akimshinda mpigaji kwa mipira mitatu, hiyo ni straikauti. Msimu wa kawaida una michezo 162.

Zamani mizani ilikuwa nyepesi kusoma: mpigaji afikishe mipigo 3,000 au homurani 500, mrushaji afikishe ushindi 300. Namba hizo zimejaa vichwani mwa watu hadi wanadhani ni tiketi. Lakini Barry Bonds ana homurani 762, hakuna aliyemzidi, na yuko nje. Roger Clemens ana ushindi 354, yuko nje. Pete Rose alipiga mipigo 4,256, naye alikufa mwaka 2024 akiwa nje. Sandy Koufax, aliyeacha mchezo akiwa na miaka 30 na ushindi 165 tu, aliingia mwaka 1972.

Kipimo kinachotajwa zaidi siku hizi kinaitwa WAR, na ndicho kinachowachanganya watu kuliko vyote. Mwenye daladala wa Dar es Salaam angekielewa bila kufundishwa. Ana dereva wake wa siku zote, na yuko deiwaka anayeshika usukani dereva akiugua au akienda msibani. Deiwaka naye anaendesha, abiria wanafika. Jioni ikija hesabu ndipo tajiri anaona tofauti. Tuseme dereva wake huleta elfu themanini na deiwaka kaleta elfu sitini. Thamani ya dereva kwa tajiri ni ile elfu ishirini ya juu. Si themanini nzima, maana gari lingetembea hata bila yeye.

WAR inafanya hivyohivyo, ila inahesabu ushindi badala ya shilingi. Inauliza: kama nafasi ya mchezaji huyu angepewa deiwaka wa besiboli, kijana wa kuitwa haraka kutoka ligi ya chini, timu ingepungukiwa michezo mingapi? Inajumlisha kupiga, kukimbia, kudaka na kurusha. Mpigaji mwenye jumla ya 60 katika maisha yake yote ya mchezo huanza kujadiliwa kwa uzito, na akipita 70 mara nyingi anaingia, isipokuwa ana doa. Lakini si andiko takatifu. Wapo wahesabuji wawili wakubwa na hawapati namba sawa, hasa kwenye ulinzi, ambako hesabu inabaki kuwa makadirio.

Trout amepita 80. Anachezea Los Angeles Angels tangu 2011, ana tuzo tatu za Mchezaji Bora wa Msimu, na katika misimu minane kuanzia 2012 hadi 2019 alishika nafasi ya kwanza au ya pili ya tuzo hiyo mara saba. Baada ya hapo mwili ukaanza kumgomea: nyama ya mguu, mgongo, mkono, goti. Mwaka 2025 alifikisha homurani ya 400. Kama angestaafu kesho, angeingia mara ya kwanza jina lake linapofika mbele ya waandishi, na sioni hoja nzito ya kupinga.

Hoja ya kombe nimeisikia mara nyingi, na inatoka kwenye mazoea ya michezo mingine. Katika soka unaweza kumtafuta mshambuliaji wako kwa kila pasi. Besiboli hairuhusu. Wapigaji ni tisa na wanapokezana kwa zamu, kama ndoo zilizopangwa kwenye foleni ya bomba. Trout akishapiga, lazima awasubiri wengine wanane. Amecheza michezo mitatu tu ya mtoano katika maisha yake, mwaka 2014 dhidi ya Kansas City Royals, na timu yake ilipoteza yote mitatu. Ichiro Suzuki hakuwahi kufika fainali ya World Series, na mwaka 2025 alipata kura 393 kati ya 394. Ken Griffey Jr. hakufika pia. Ernie Banks hakucheza hata mchezo mmoja wa mtoano, naye yumo ndani tangu 1977.

Ohtani na hesabu ya miaka

Kuhusu Shohei Ohtani watu wanadhani hakuna mjadala. Upo, lakini ni wa kalenda. Ameshinda tuzo ya Mchezaji Bora mara nne, 2021, 2023, 2024 na 2025, zote kwa kura za wapiga kura wote. Mwaka 2024 alikuwa wa kwanza katika historia kufikisha homurani 50 na kuiba besi 50, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mwenzake apige, ndani ya msimu mmoja. Lakini alianza ligi kuu ya Marekani mwaka 2018, na miaka yake ya Japani haihesabiwi kwenye kanuni ya misimu 10. Msimu wake wa kumi utakuwa 2027.

Kanuni hiyo imewahi kulegezwa. Addie Joss, mrushaji wa Cleveland, alifariki mwaka 1911 baada ya misimu tisa. Bodi ilimwondolea sharti hilo, akaingizwa mwaka 1978. Kwa hiyo hata likitokea la kutokea, sidhani kama kuna mtu Cooperstown atakayethubutu kumfungia Ohtani mlango.

Anayetaka kujua kwa nini, atazame usiku wa tarehe 17 Oktoba 2025, timu ya Ohtani, Los Angeles Dodgers, ikicheza na Milwaukee Brewers kuwania kwenda fainali. Ohtani alianza kama mrushaji. Alimpa mpigaji wa kwanza besi ya bure kwa kurusha mipira minne nje ya lengo, kisha akawatoa watatu waliofuata kwa straikauti. Akashuka kichuguuni, akachukua gongo, na kwa kuwa ndiye mpigaji wa kwanza wa timu yake, akapiga homurani hapohapo. Akarudi kurusha. Raundi ya nne akapiga nyingine, mpira ukapita juu ya paa la jukwaa la nyuma na kutoka nje ya uwanja. Raundi ya saba akapiga ya tatu. Alipomaliza kurusha alikuwa na straikauti 10 na hajaruhusu pointi hata moja. Ni kama kipa asiyefungwa ambaye pia ndiye aliyefunga mabao matatu, katika nusu fainali.

Inafaa kukumbuka njia hiyo ilikuwa ndefu. Hideo Nomo alifungua mlango wa Wajapani mwaka 1995, na Mjapani wa kwanza kuwekewa bamba Cooperstown, Ichiro, aliingia mwaka 2025. Ni miaka 30. Kwa upande wa Afrika, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa wa kwanza kutoka bara hili kucheza ligi kuu, Aprili 2017, na watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza mashindano ya dunia ya Little League kule Pennsylvania mwaka 2012. Kwa kalenda ya Wajapani, sisi ndiyo kwanza kunakucha.

Aaron Judge wa New York Yankees sina haja ya kumchambua sana. Alichelewa, alianza akiwa na miaka 24, lakini ana tuzo tatu za Mchezaji Bora na homurani 62 za mwaka 2022, rekodi ya ligi ya American, moja ya nusu mbili za ligi kuu. Misimu 10 ameshatimiza. Justin Verlander na Max Scherzer wana tuzo tatu za Cy Young kila mmoja, ile ya mrushaji bora, na zaidi ya straikauti 3,400. Hao faili lao limefungwa. Freddie Freeman na Mookie Betts, wenzake Ohtani kule Dodgers, nao ningewaweka ndani leo.

Mrushaji asiye na ushindi

Hapa sasa ndipo penye ubishi wa kweli: Jacob deGrom. Hadi mwisho wa msimu wa 2025 alikuwa na ushindi 96. Mtu aliyezoea mizani ya zamani anaona namba hiyo anacheka. Cy Young mwenyewe, ambaye tuzo ina jina lake, alishinda michezo 511.

Lakini "ushindi" wa mrushaji ni nini hasa? Ili aandikiwe, mrushaji aliyeanza mchezo lazima arushe angalau raundi tano, aondoke timu yake ikiongoza, na uongozi huo usipotee baada yake. Mambo mawili kati ya hayo hayako mikononi mwake. Kumpima mrushaji kwa ushindi ni kama kumlaumu kipa aliyefungwa bao moja kwa sababu washambuliaji wake hawakufunga lolote.

Mwaka 2018 deGrom alikuwa New York Mets. Kwa kila raundi tisa alizorusha aliruhusu wastani wa pointi 1.70. Katika michezo 29 mfululizo hakuna hata mmoja alioruhusu zaidi ya pointi tatu. Fikiria dereva anayeleta hesabu kamili siku 29 bila kukosa, mvua au jua. Na wenzake? Walikuwa wanashindwa kupiga. Mwisho wa msimu vitabu viliandika: ushindi 10, kupoteza 9. Wapigaji kura wa tuzo ya Cy Young walikuwa 30, na 29 kati yao walimweka wa kwanza. Waliona kilichotokea uwanjani. Mwaka 2025 walifanya hivyohivyo kwa kijana Paul Skenes wa Pittsburgh, aliyeshinda 10 na kupoteza 10.

Tatizo halisi la deGrom si ushindi, ni muda. Kiwiko kilimlaza miaka, na kilele chake kilikuwa kirefu kiasi gani? Misimu minne, mitano? Anayempinga kwa hoja hiyo namheshimu. Mimi ningempigia kura, kwa sababu katika miaka yake ile hakukuwa na mrushaji duniani ambaye wapigaji walimwogopa zaidi, na Jumba lina Koufax ndani yake kwa sababu hiyohiyo. Dalili zinaonyesha waandishi wanaelekea huko: Félix Hernández, mwenye ushindi 169, alianza na asilimia 20.6 mwaka 2025 na mwaka 2026 akapanda hadi 46.1.

Salvador Perez wa Kansas City anaumiza kichwa kwa namna nyingine. Yeye ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima, magoti yakiliwa mwaka hadi mwaka. Ana homurani zaidi ya 300 na alikuwa Mchezaji Bora wa fainali ya 2015, lakini WAR yake ni ndogo kwa mtu wa Cooperstown. Je, kipimo kinaona kila kitu anachofanya mdakaji, ikiwemo kumtuliza mrushaji mchanga aliyepoteza mwelekeo? Siamini. Lakini pia siwezi kumpa mtu bamba kwa kitu ambacho hakuna anayeweza kunionyesha kilizaa nini. Kwa sasa ningemwacha.

Doa

Kanuni za upigaji kura zinawataka waandishi watazame pia uadilifu, uanamichezo na tabia ya mchezaji. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyowazuia Bonds na Clemens, wote wakihusishwa na dawa za kuongeza nguvu. Mwaka wao wa mwisho, 2022, walipata asilimia 66.0 na 65.2. Rose yeye alifungiwa tangu 1989 kwa kamari, na waliofungiwa hawapigiwi kura. Ligi ilimwondoa kwenye orodha hiyo Mei 2025, baada ya kifo chake, hivyo njia yake iliyobaki ni ile kamati. Kati ya wanaocheza sasa, Fernando Tatis Jr. alifungiwa michezo 80 mwaka 2022 kwa kupimwa na kukutwa na dawa, na tarehe hiyo itamfuata.

Ila mtu atakayewagawa waandishi ni José Altuve wa Houston. Mfupi, kama sentimita 168, ana mipigo zaidi ya 2,300 na alikuwa Mchezaji Bora wa ligi ya American mwaka 2017. Mwaka huohuo timu yake ilikuwa ikitumia kamera kusoma ishara za siri za mdakaji wa wapinzani, kisha mtu anagonga pipa la taka karibu na benchi kumwambia mpigaji kwamba mpira unaokuja si wa kasi. Ukimya maana yake ni wa kasi. Ligi ilichunguza, ripoti ikatoka Januari 2020, na wachezaji hawakuadhibiwa. Mchezaji mmoja tu alitajwa kwa jina: Carlos Beltrán. Alipoteza kazi ya ukocha wa Mets kabla ya kuongoza hata mchezo mmoja.

Wenzake Altuve wamesema hadharani kwamba yeye hakutaka kugongewa pipa. Wengine hawaamini. Aliyeshika nafasi ya pili kwenye tuzo ile ya 2017 ni Aaron Judge, na mashabiki wa New York hawajasahau.

Beltrán aliingia katika mwaka wake wa nne wa kupigiwa kura. Waandishi wengi walimnyima kwanza, wakampa baadaye, kana kwamba kusubirishwa ndiyo adhabu. Hilo silipendi. Bamba la shaba haliandiki gwiji aliingia mara ya ngapi. Kama mwandishi anaamini mtu aliiba mchezo, asimpe kura kamwe. Kama anaamini anastahili, ampe siku ya kwanza. Mimi Altuve ningempa siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa mpigaji bora kabla ya pipa lile na amebaki bora miaka mingi baada yake.

Mkataba wake unaisha 2029. Akistaafu hapo, kura yake ya kwanza itahesabiwa mwaka 2035. Baadhi ya waandishi watakaomwekea alama au kumruka ndiyo kwanza wameanza kazi, wamepata uanachama juzijuzi, na kelele za lile pipa walizisikia kwenye video tu.